Kijiko cha Fedha na Kuni za Gatitu

Ukanda huu alinipa Wangui juzi, baada ya kumzika mama yake kule Gatitu. Ni ukanda wa ngozi wa kubebea kuni, ule ambao wanawake wa kwetu huuweka kwenye paji la uso ili mgongo usibebe mzigo peke yake. Umekuwa mgumu na mweusi, isipokuwa katikati, mahali ulipokuwa ukikaa kichwani pake, hapo umelainika na kung'aa. Watoto wa marehemu walikuwa na ng'ombe na shamba la kujadili. Mimi niliitwa pembeni nikapewa hiki, na sikuona kama nimepunjwa. Nimeutundika kwenye msumari jikoni. Kila nikipita unanuka moshi na jasho la zamani, na kila ukinuka namkumbuka mtoto mmoja mkaidi aliyekuwa ameketi juu ya jiwe nje ya mlango wa darasa la sita, akikataa kufuta sentensi moja.

Mtoto huyo ni mimi, na ukaidi ule bado ninao. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba punda wote wa Nyeri walipitia mikononi mwangu kwa mafunzo.

Tulikaa Majengo, mjini Nyeri, mimi na Nyanya, mama mzazi wa mama yangu. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyepanda huku zamani za wakoloni kutafuta kazi, akaoa Mkikuyu na hakurudi tena. Kwa hiyo Nyanya alikuwa na Kiswahili cha baba yake na miguu ya mama yake, miguu ya kupanda mlima bila kuhema. Alipika mahamri ya iliki akayauza asubuhi kando ya njia ya msikitini. Baba yangu aliishi mji wa Wang'uru, ana biashara ya mchele na familia nyingine. Mara chache gunia la mchele lilifika kwetu, na yeye mwenyewe mara chache zaidi. Mama yangu alifariki "ulipokuwa mdogo." Hivyo ndivyo Nyanya alivyosema, nami nikajichorea picha kwamba nilikuwa natambaa wakati huo, labda nimeanza kusimama kwa kushika viti.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya siku niliyozaliwa. Nyanya aliisimulia tukikanda unga alfajiri, na nilikuwa nikiijua kiasi kwamba akiruka kipande namrudisha.

"Ulipokuja wewe," angeanza, "nyumba hii haikuwa na pa kukanyaga. Kuni zilipangwa mpaka usawa wa dirisha. Wanawake wa Gatitu walizileta mgongoni, wamefuatana njia nzima. Uji ukaja kwa vibuyu. Ndizi, viazi, maharagwe ya njahi. Maziwa yalikuwa yanakungoja, ya moto, wala hujajua kulia vizuri. Nami nikafungua mkebe, nikatoa tende niliyoiweka tangu Ramadhani, nikaitafuna mpaka ikalainika, nikakupaka kwenye kaakaa. Uling'ang'ania kidole changu nikadhani utakimeza."

Hiyo ya tende ni desturi yetu Waislamu. Mtoto mchanga hupakwa tende mdomoni kabla ya kitu kingine chochote, ili jambo la kwanza analoonja duniani liwe tamu. Na wale wanawake wa Gatitu niliwajua, hasa mmoja wao, Mama Wangui, aliyetuletea maziwa kila asubuhi kwa debe dogo lenye mfuniko. Nilimwita Mama. Nilikuwa nimenyonya kwake nikiwa mchanga, kwa sababu, Nyanya alisema, mama yangu hakuwa na maziwa. Hivyo mimi na Wangui binti yake, tuliokaa dawati moja shuleni, tulikuwa ndugu wa kunyonya. Yeye alikuwa Mkristo na mimi Mwislamu, lakini Nyanya alisisitiza kwamba mbele ya Mungu titi moja ni tumbo moja.

Swali moja tu katika hadithi hiyo halikujibiwa. Watoto wa Kikuyu shuleni walijivunia vigelegele vya kuzaliwa kwao, ambavyo wao huviita ngemi. Akizaliwa mvulana wanawake hupiga vitano, akizaliwa msichana vitatu, na kila anayesikia anajua bila kuuliza. Wavulana walitutania kwamba sisi tulipunjwa viwili tukiwa bado mlangoni.

"Nyanya, mimi walinipigia vyote vitatu?"

"Kanda unga," angesema. "Walikuwa wengi sana."

Nami nikaelewa kwamba walikuwa wengi hivi kwamba vigelegele vyao havikuhesabika. Nilipendezwa na jibu hilo. Niliona wenzangu wana vitatu vyao vya kuhesabu, mimi nina mvua.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Gathoni, msichana mrefu aliyetoka chuoni karibuni, mwenye sketi zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Alituita watoto wa uhuru, kwa sababu tulizaliwa bendera ikiwa bado mpya, na hakutaka kusikia mtoto wa uhuru akiongea kwa kunong'ona. Siku hiyo ya baridi ya Julai aliandika ubaoni sentensi moja, akaisoma na sisi tukaifuata: "He was born with a silver spoon in his mouth." Mvulana wa nyuma akauliza kama hicho kijiko hakimuumizi mama, darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi nilishazoea mafumbo ya Nyanya, kwa hiyo nilingoja tu kuambiwa ndani yake kuna nini.

"Ni mtu wa mali tangu kuzaliwa," Mwalimu alisema. "Anakuja duniani anapata everything iko tayari, imeandaliwa na wengine, hajaitolea jasho. Sasa kila mtu aandike sentensi yake. Mtu mnayemjua, na iwe true. Sitaki mambo ya wafalme wa Ulaya."

Wangui alimwandika mtoto wa meneja wa kiwanda cha kahawa. Wengine walimwandika mtoto wa mwenye duka la nguo, ambaye sasa naona alitajwa mno asubuhi ile. Mimi sikuhitaji kufikiri. Anakuja duniani anapata kila kitu kiko tayari. Nilimjua mtu mmoja wa namna hiyo, na nilikuwa nimesimuliwa habari zake kila alfajiri. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: nilizaliwa na kijiko cha fedha mdomoni.

Daftari lilirudi na alama kubwa nyekundu ya X. Mwalimu aliniita mbele.

"Zena, grammar iko sawa. Lakini nilisema true. Unaishi Majengo na nyanya yako, anauza mahamri, sweta yako iko na mashimo kwa kiwiko. Hakuna aibu kwa hiyo. Aibu ni kujifanya. Andika ingine."

Watoto walicheka, isipokuwa Wangui. Nilitazama kiwiko changu. Ni kweli mashimo yalikuwapo. Lakini hakuwa ameuliza habari za sweta, alikuwa ameuliza habari za kuzaliwa.

"Hapana, Mwalimu," nikasema.

Sikuwahi kumwambia mwalimu neno hilo, na naamini yeye pia hakuwahi kuambiwa. Alikuwa na fimbo mezani, hakuishika. Alisema tu kwamba nitaketi nje ya mlango mpaka nitakapokuwa tayari kuandika jambo la kweli, na kwamba mlango haujafungwa, ni mimi nitakayeamua.

Nje ya mlango palikuwa na jiwe. Ukungu wa Julai ulikuwa ukishuka mapema na kukaa uwanjani mpaka saa ya uji, na jiwe lilikuwa na baridi inayopanda mpaka kwenye meno. Niliketi. Mlango uliachwa wazi kidogo, kwa hiyo nilisikia hesabu, nikazifanya kwenye mapaja kwa kidole. Nilisikia jiografia. Mwalimu akiuliza swali na darasa likanyamaza, nilijibu kule nje kwa sauti ya chini, nikafurahi nilipokuwa sahihi. Kesho yake nikaketi tena, na siku iliyofuata. Kila asubuhi Mwalimu alisimama mlangoni akauliza, "Uko tayari?" nami nikajibu kwamba siko. Nikaanza kukohoa.

Ni kikohozi kilichonichongea kwa Nyanya. Alinibana mpaka nikamweleza yote: jiwe, X, sweta. Nilitegemea atavaa buibui lake na kwenda shuleni kunitetea, maana alikuwa mwanamke wa kutetea watu.

"Sentensi gani hiyo?" akauliza.

"Kwamba nilizaliwa nikakuta kila kitu kinaningoja. Kama unavyosimulia. Kuni, maziwa, tende."

Mikono yake ilisimama ndani ya unga. 

"Andika anachotaka mwalimu," alisema.

"Lakini si ni kweli?"

"Andika anachotaka, Zena." Halafu akaanza kukanda kwa nguvu, na sauti yake ikawa ya mambo ya nyumbani. "Macho yangu hayaoni tena mafuta yakianza kuchemka. Jana nimeunguza sinia zima. Darasa sita zinamtosha msichana kusoma jina lake. Ikifika Jumatatu bado unakaa juu ya jiwe la watu, utakaa hapa kwenye kigoda. Huku angalau kuna moto."

Nyanya hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Siku nyingi alikuwa akinisogeza jikoni kidogo kidogo, na wasichana wa rika langu pale Majengo walikuwa wameanza kutoka shule mmoja mmoja bila mtu kupiga kelele. Mimi niliipenda shule. Niliipenda hata harufu ya chaki na vumbi la dawati, na niliogopa kigoda kile kuliko nilivyoogopa fimbo. Ningeweza kuandika habari za mtoto wa meneja wa kahawa na mambo yakaisha. Lakini nilishindwa kuelewa jinsi mtu aliyenipa hadithi angeniomba niifute. Nikaamua ninahitaji shahidi.

Jumamosi nikashuka na kupanda njia ya Gatitu peke yangu. Mama Wangui alikuwa nyuma ya nyumba akisugua debe la maziwa kwa majivu. Wangui alikuwa ametumwa mtoni.

"Mama, Jumatatu ukuje shule," nilimwambia kwa Kiswahili chao, ambacho nilikiongea vizuri kama changu. "Umwambie Mwalimu venye mlileta kuni siku nilizaliwa."

Alicheka. "Ati niende kwa mwalimu? Mimi sijui Kizungu."

"Sema na Kikuyu, yeye ni Mkikuyu. Mwambie kuni ilifika dirisha. Mwambie mlipiga ngemi ngapi."

Hapo akaacha kucheka. Aliliweka debe chini, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Nyanya yako alikwambia tulipiga ngemi?"

"Alisema mlikuwa wengi."

"Wengi tulikuwa." Alivuta gogo akanionyesha niketi. Akaketi karibu nami mpaka magoti yetu yakagusana. "Wewe uko na kichwa ngumu kama ya nyanya yako, kwa hivyo nitakwambia, na nitamwambia yeye pia kwamba nimekwambia. Ile kuni tulikata ya furaha. Mama yako alikuwa rafiki yetu. Nikileta maziwa lazima aniketishe, anipe chai, tucheke. Tukasema huyu akizaa tutampelekea kuni kama mtu wa kwetu, hata kama ni wa Majengo. Basi asubuhi moja nikipeleka maziwa naambiwa amezaa, na ni msichana. Nikarudi hapa mbio, nikaita wenzangu, tukabeba. Tulipofika kwa ile kona ya msikiti tukasimama, maana ngemi haipigwi na mtu anahema. Lazima mpange pumzi kwanza. Wa mbele alikuwa amefungua mdomo, namna hii. Ndio tukasikia nyanya yako analia."

Kuku walikuwa wakichakura majivu pembeni yetu. Nakumbuka nilimwangalia kuku mmoja mwekundu kana kwamba yeye ndiye anayeongea.

"Mama yako alikuona. Hiyo nataka ujue. Alikuona, na alikushika. Halafu damu ikakataa kusimama." Aliishika mikono yangu. "Sasa kuni ikawa ya matanga. Ile ile. Uji ulikuwa wa mzazi, ukanywewa na watu wa kuomboleza. Na wewe ulikuwa hapo, unalia njaa, hujui kitu. Mimi nilikuwa na Wangui hapa kwa kifua, bado mdogo kabisa. Nikamtoa kwa titi nikaweka wewe. Huyo alilia mpaka jioni, alikuwa na wivu." Akatabasamu kidogo, kisha akagusa koo lake. "Lakini ngemi tulimeza. Zile tatu zako ziko hapa mpaka wa leo."

Sikulia pale. Nilimshukuru kwa adabu, nikakataa chai, nikaondoka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nilihisi nimeibiwa. Asubuhi ile nilikuwa mtoto wa mvua ya vigelegele, na sasa nilikuwa mtoto ambaye watu walimjia na mizigo wakaishiwa na sauti. Nilipita wanawake waliobeba kuni kwenye mteremko na sikuwasalimu.

Nyanya alikuwa akichekecha unga mlangoni, akifuata mwanga.

"Ulinidanganya," nikasema. "Kuni zilikuwa za matanga."

Chekecheke ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Mama Wangui."

Alikung'uta chekecheke akaiweka chini. Alipojibu hakuinua sauti.

"Kuni hazikuja?"

"Zilikuja."

"Maziwa hayakukungoja?"

"Yalikuwa ya Wangui."

"Na tende, sikukutia?" Akaninyooshea kidole kile alichonipakia. "Nilikuwa na mtoto wangu humo ndani amefunikwa shuka, na wewe uko mkononi. Nikasema, huyu hataanza kwa kuonja machozi. Nikaenda kufungua mkebe. Mikono ilikataa, tende zikamwagika sakafuni. Niliitafuna ile moja, na mdomoni sina hata mate, Zena. Nilitafuna mpaka ikalainika. Sasa ulitaka nikusimulie nini, kwamba uliingia kwa mlango ambao mama yako alitokea? Mtoto aambiwe hivyo kisha aambiwe ale ashibe?"

Hapo ndipo nililia, naye akalia, na unga ukatapakaa juu yetu wote wawili. Baadaye alinifuta uso kwa pindo la kanga yake. Aliniambia Jumatatu niende, niandike ninachotaka, na kwamba nikirudishwa kwenye jiwe nisipoteze siku nyingine huko, nije nyumbani kwenye kigoda. Neno lake la mwanzo lilikuwa bado lipo. Nilikuwa na asubuhi moja tu.

Jumapili nzima nililigeuza jambo hilo. Ukweli wote sasa ulikuwa upande wa Mwalimu. Nilikuwa maskini, nilikuwa yatima tangu siku ya kwanza, hata maziwa niliyojivunia yalikuwa ya mtoto mwingine. Ningeweza kuandika hivyo na kupata alama. Lakini kadiri nilivyojaribu kuifuta sentensi ile kichwani, ndivyo nilivyomwona Nyanya akiokota tende sakafuni, na ndivyo nilivyowaona wale wanawake kwenye kona ya msikiti, wamemeza sauti zao, kisha wanaingia na mizigo yao hata hivyo. Wangeweza kugeuka na kuni zao. Sikuwa na maneno ya kueleza haya nilipokuwa mtoto. Nilijua tu kwamba sitaifuta.

Jumatatu sikungoja kuulizwa. Nilipita kando ya jiwe nikaingia, nikaweka daftari mezani.

"Umeandika?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeandika, Mwalimu."

Alifungua. Sentensi ilikuwa pale pale, ile ile, nimeiandika upya chini ya X yake. Niliona shingo yake ikikaza. Lakini chini yake nilikuwa nimeongeza mistari mingine kwa Kiingereza changu cha kuchechemea: kwamba mama alifariki asubuhi ile, kwamba kuni zilikuwa tayari, kwamba tende ilikuwa tayari, kwamba maziwa yalikuwa tayari na yalikuwa ya Wangui. Alisoma bila kuinua uso. Alifika mwisho akarudi mwanzo.

"Hii ni kweli?" aliuliza kwa Kiswahili.

Kabla sijajibu, dawati lilisukumwa nyuma yangu.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema Wangui, amesimama wima. "Hiyo maziwa ilikuwa yangu."

Alilisema kwa uchungu kidogo, kama mtu ambaye bado hajasamehe kabisa. Darasa lilicheka, yeye akashangaa wanacheka nini, na mimi nikacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mwalimu alikwenda dirishani akasimama huko akitutazamisha mgongo wake na mikunjo ya sketi yake. Aliporudi alikuwa amekuwa mwalimu tena.

"Nilidhani unaona haya kwa sababu ya kwenu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mimi niliwahi kuona haya ya kwetu, nilipokuwa boarding. Nikasema sitaki uanze." Akanisogezea daftari. "Sasa nisikilize vizuri. Yule mtu wa kusahihisha mtihani hajui nyanya yako. Hajui Gatitu. Ukimwandikia hii atakuwekea X kama yangu, na hatakuwa na makosa, kwa sababu wenye lugha hawaisemi namna hii. Kwa mtihani, andika mtoto wa tajiri. Umesikia?"

"Nimesikia. Na hii?"

"Hii iache kama ilivyo. Rudi ukae."

Nilikaa. Dawati lilikuwa na joto la Wangui, na alinisogezea upande mkubwa zaidi bila kunitazama. Kwenye mtihani wa darasa la saba nilijua maneno yanamaanisha nini kwa wenyewe, nikayatumia wanavyotaka, nikapita, na Nyanya akatafuta msichana mwingine wa kumsaidia kutazama mafuta. Nimekuwa mwalimu wa Kiingereza maisha yangu yote ya kazi. Msemo ule nimeufundisha kila mwaka, maana yake na matumizi yake, na kila mwaka nimewaambia watoto waandike mtoto wa tajiri. Sijawahi kumwambia mtoto kwamba sentensi inayomhusu yeye si ya kweli kabla sijamuuliza siku aliyozaliwa nani alikuwa mlangoni.

Juzi pale Gatitu, tukisubiri jeneza, nilikuwa nikilifikiria koo lile lililozibeba ngemi zangu, na sikuhuzunika kama nilivyoogopa. Mama Wangui alikuwa ameshanilipa.

Ilikuwa Jumamosi iliyofuata ile Jumatatu. Wangui alikuwa amemsimulia mama yake yote, pamoja na kicheko cha darasa. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, Nyanya anakaanga na mimi namwangalizia mafuta. Nikasikia miguu mingi ikija barabarani, miguu ya watu waliobeba kitu kizito. Ikafika kwenye kona ya msikiti ikasimama. Nyanya akainua kichwa. Kukawa kimya huko nje, kimya cha watu wanaopanga pumzi.

Kisha wakapiga. Cha kwanza kilipasuka kwenye ukungu na kumrusha paka juu ya paa, cha pili kikafuata, na cha tatu walikirefusha mpaka nikadhani hawatakimaliza. Milango ya Majengo ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Mama Wangui alikuwa mbele, ukanda huu kwenye paji la uso, kuni zimempita kichwa, machozi yanamshuka na mdomo wake bado uko wazi. Jirani yetu akatoka na kanga ya kulalia, akamwuliza Nyanya ni nani amejifungua hapa kwenu, mbona hatukuwa na habari.

Nyanya alijifuta unga mikononi. "Ni msichana," akamjibu, kisha akaingia ndani kutafuta mkebe wa tende.